Kabla Hujauliza Kwa Nini Hachezi, Uliza Acheze Wapi: Mitaa ya Walatino na Mazoezi ya Mwili

Hotuba hii ilitolewa mbele ya mkutano wa wanajumuiya wanaozungumza Kiswahili jijini Chicago. Inawekwa hapa nzima kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wetu, mama zetu, ndugu zangu nyote, na ninyi vijana mliochagua viti vya nyuma karibu na mlango, nawasalimu kwa heshima.

Mwaliko niliopewa ulisema nizungumze juu ya afya ya familia, na nadhani wengi mlikuja mmejiandaa kusemwa. Leo mtapumzika. Nitazungumza juu ya majirani zetu Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, na hasa juu ya jambo moja katika maisha yao: jinsi mtaa unavyomfanya mtu autumie mwili wake au auache ukae tu. Wengi wetu tuliotoka Kivu, Bujumbura, Kigoma au Mombasa tulipofika nchi hii tulijikuta tumepanga nyumba ukuta kwa ukuta na Wameksiko, Waguatemala na Wapuertoriko. Wao wametutangulia katika mitaa hii kwa vizazi, wamechunguzwa na watafiti kuliko sisi, na mengi yaliyowapata yana tarehe na kumbukumbu. Anayetaka kujua mtaa unaifanyia nini familia ya mhamiaji na aanzie kwao.

Tuanze na hesabu. Sensa ya mwaka 2020 iliwahesabu Walatino milioni 62.1 nchini Marekani, yaani karibu mtu mmoja katika kila watano. Vipimo vya kitaifa vilivyochukuliwa kati ya mwaka 2017 na Machi 2020 vilionesha kwamba miongoni mwa watoto na vijana wa Kilatino wenye umri wa miaka 2 hadi 19, asilimia 26.2 walikuwa na unene uliokithiri, ilhali kwa wenzao weupe kiwango hicho kilikuwa asilimia 16.6. Chakula kina sehemu yake katika pengo hilo, nami sitakigusa leo, maana nikianza na chakula hatutatoka humu. Nashughulika na upande wa pili, ule wa zile dakika 60 za kuchangamsha mwili ambazo mtoto wa umri wa shule anazihitaji kila siku, na zile dakika 150 kwa wiki ambazo mtu mzima anazihitaji za mwendo wa kutosha kumfanya ahisi moyo ukidunda.

Kwa nini dakika hizo zinakosekana? Jibu la haraka tumeshalisikia sote. Wanasema ni utamaduni wao. Wanasema mama wa Kilatino anawafungia watoto ndani, baba anapenda kochi na televisheni, na bibi anaona mtoto mnene ndiye mtoto mwenye afya. Ndugu zangu, maneno hayo hayo yanasemwa juu yenu, nanyi hamyasikii kwa sababu husemwa mkiwa hampo. Mimi nasema hivi: kabla hujamuuliza mzazi kwa nini mtoto wake hachezi, muulize mtoto huyo acheze wapi.

Kati ya mwaka 2008 na 2011 ulifanyika utafiti mkubwa juu ya afya ya Walatino, uliowaandikisha watu wazima 16,415 katika miji minne: Bronx kule New York, Miami, San Diego, na mji wetu huu wa Chicago. Hawakuulizwa maswali tu. Walifungwa kiunoni kifaa kidogo kinachorekodi kila mwendo wa mwili, wakakivaa kwa siku kadhaa wakiendelea na maisha yao. Kifaa hakina adabu na hakina aibu, kinaandika kilichotokea. Kilionesha kwamba katika siku yenye saa 16 za kuwa macho, karibu saa 12 zilipita watu wakiwa wameketi au hawasogei sana. Lakini kilionesha jambo jingine ambalo mimi naliona zito zaidi. Walatino hawakufanana. Wapuertoriko walionekana kusogea zaidi, na Wakuba kidogo kuliko wote.

Sasa nawauliza: je, Mkuba amezaliwa mvivu? Lugha ni ile ile, dini kwa wengi ni ile ile, ngoma zinakaribiana, na bibi wa Havana anampenda mjukuu mnene sawasawa na bibi wa San Juan. Tofauti iko kwingine. Wakuba wa utafiti ule karibu wote walipimiwa Miami, mji uliotandazwa kwa ajili ya gari, ambako kutoka mlangoni hadi dukani kuna barabara ya njia sita, jua kali, na uwanja wa kuegesha magari usiokwisha. Wapuertoriko wengi walikuwa Bronx, ambako mtu hushuka ngazi za nyumbani, hutembea hadi kituo cha treni, hushuka ngazi nyingine, husimama, hupanda tena, na kabla hajafika kazini ameshafanya nusu ya mazoezi ambayo daktari atamwambia baadaye kwamba hayafanyi. Sisemi mji ndio sababu pekee, kwa maana umri, kazi na magonjwa vina nafasi yao. Nasema kwamba anayetaja utamaduni peke yake hawezi kueleza tofauti hii.

Niwasimulie juu ya jirani yangu mmoja, mama wa watoto watatu kutoka Michoacán, Meksiko. Kazi yake ni kusafisha ofisi usiku katikati ya jiji. Huinama, huinua, husukuma ndoo yenye magurudumu kwenye korido ndefu, hupanda na kushuka. Kliniki anaulizwa kama hufanya mazoezi, naye anajibu hapana, kwa sababu yeye na muuguzi wote wawili wanaelewa mazoezi kuwa ni kitu ambacho mtu mwenye nafasi hukifanya akiwa na viatu maalumu. Mchana mmoja nilifuatana naye kwenda kumchukua mtoto wake wa kwanza shuleni, yeye akisukuma kigari cha mtoto mchanga. Mwendo wenyewe ni mfupi. Mahali pa kwanza, mizizi ya mti ilikuwa imeinua zege la njia ya miguu kiasi cha kiganja kizima, akakigeuza kigari na kukivuta kinyumenyume, kwa namna ya mtu aliyekwisha kuzoea. Mahali pa pili, njia ya miguu iliishia kwenye uzio wa karakana, tukashuka barabarani, na lori lenye tela likatupita karibu hata blanketi la mtoto likapeperuka. Kwenye kivuko, taa ya waenda kwa miguu ilibadilika tukiwa katikati. Nilimuuliza kama huwatoa watoto jioni wakatembee. Akacheka. Akaniambia kwamba kutembea wanatembea Jumapili: wanapanda gari la shemeji yake wanakwenda kwenye bustani ya mbali, huko ndiko wanakotembea.

Ndugu zangu, mnaona? Mwanamke huyu hakukosa miguu. Hakukosa nia. Kilichokosekana ni mahali pa kukanyaga.

Jambo la pili ninalotaka mlifikirie lilinishangaza nilipolisoma. Mwaka 2009 ulichapishwa utafiti uliouliza swali la wazi: je, mtaa wenye wahamiaji wengi ni mahali pazuri kwa afya? Watafiti walikuwa na habari za watu wazima wa miji kadhaa, New York na Los Angeles ikiwemo. Walatino waliokaa katika mitaa yenye wahamiaji wengi walikula vizuri zaidi, mafuta kidogo, na vyakula bora vilipatikana jirani. Hilo halishangazi, kwa kuwa ukikaa kati ya watu wa kwenu maharage na mboga za kwenu hupatikana dukani. Lakini Walatino hao hao walifanya mazoezi kidogo zaidi, na mitaa yao ilikuwa na mahali pachache pa kufanyia mazoezi, njia mbaya za kutembea, na usalama mdogo. Mtaa wa wahamiaji ulikuwa umekilinda chungu, ukainyima miguu.

Ningependa mlishike hilo, kwa sababu linakataa majibu mepesi ya pande zote mbili. Yuko anayesema mhamiaji ahame haraka mtaa wa wenzake ili aendelee, na yuko anayesema tukae pamoja, kila kitu kitakuwa sawa. Kinachotuweka pamoja ni sisi wenyewe. Njia ya miguu, taa ya barabarani na uwanja wa mpira huwekwa na jiji, kwa fedha za kodi, na kuna mtu mahali fulani anayeamua fedha hizo ziende mtaa gani.

Labda kijana mmoja huko nyuma ataniuliza: huenda wapenda mazoezi huchagua mitaa mizuri, na wasiopenda hubaki? Swali hilo ni la haki. Lilijibiwa kwa sehemu na mradi wa serikali ulioanza mwaka 1994 katika miji mitano, Chicago ikiwa mmoja wapo. Familia za wanawake wapatao 4,500 waliokaa na watoto katika nyumba za umma ziligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa hati ya kuwasaidia kulipa kodi ya nyumba kwa sharti la kuhamia mtaa wenye umaskini mdogo, wengine hawakupewa. Wengi wa wanawake hao walikuwa Weusi, na karibu theluthi moja walikuwa Walatino. Miaka 10 hadi 15 baadaye, waliopewa nafasi ya kuhama walikuwa na kiwango kidogo cha unene uliokithiri kabisa na cha kisukari. Matokeo hayo peke yake hayaoneshi nani alitembea na nani alikaa, kwa hiyo siwezi kuwaambia kwamba ni mwendo tu uliofanya kazi. Lakini bahati nasibu haichagui mpenda mazoezi.

Sasa turudi nyuma kidogo, maana mitaa haikuota yenyewe.

Mashariki ya kitovu cha jiji la Los Angeles, ng'ambo ya mto, kuna mtaa unaoitwa Boyle Heights. Leo karibu wote wakaao hapo ni Walatino. Miaka ya 1930 walikaa hapo Wayahudi, Wameksiko, Wajapani, Warusi, Waarmenia na Weusi, mlango kwa mlango. Shirika la serikali la mikopo ya nyumba, lililoanzishwa mwaka 1933, lilichora ramani za miji ya Marekani na kuipa mitaa madaraja kwa rangi. Mwaka 1939 Boyle Heights ilipakwa nyekundu, daraja la mwisho, na maelezo yaliyoandikwa pembeni yalitaja waziwazi mchanganyiko wa watu wake kama kasoro. Mtaa uliopakwa nyekundu ulikuwa mtaa ambao mkopeshaji aliukwepa, na ardhi yake ikawa rahisi. Na jiji linapotafuta mahali pa kupitisha barabara kuu, hutafuta nini? Hutafuta ardhi rahisi na watu ambao kelele zao hazifiki mbali.

Barabara kuu zilikuja. Zilikutana hapo hapo, moja juu ya nyingine, katika makutano makubwa ya zege yaliyomeza nyumba na kuukata mtaa vipande. Bustani ya Hollenbeck, iliyokuwa pumziko la mtaa tangu karne ya 19, ilipitishiwa barabara kuu ukingoni mwake upande wa magharibi, juu ya ziwa lake dogo. Leo mtoto akienda kucheza pale anacheza chini ya mngurumo wa magari.

San Diego walifanyiwa hivyo hivyo. Mtaa wa Wameksiko wa Logan ulikatwa na barabara kuu mwaka 1963, kisha mwaka 1969 likafunguliwa daraja la kwenda Coronado, nguzo zake zikiwa zimesimikwa mahali nyumba za watu zilipokuwa. Wakaazi waliahidiwa bustani chini ya daraja. Tarehe 22 Aprili 1970 walikuta matingatinga yanasawazisha ardhi hiyo. Walipouliza, wakaambiwa kinachojengwa ni kituo cha askari wa barabara kuu. Watu wakatoka. Wanafunzi wakatoka madarasani, akina mama wakatoka jikoni, familia nzima zikaingia katika kiwanja na kuyazunguka matingatinga. Walikaa siku 12. Na hawakukaa wamekunja mikono: walichimba kwa majembe yao wenyewe, wakapanda maua na dungusi kwenye udongo mgumu, wakaanza kuijenga bustani kabla haijaruhusiwa. Serikali ilikubali. Leo panaitwa Chicano Park, nguzo za daraja zimejaa michoro ya ukutani kutoka chini hadi juu, na mwaka 2016 paliwekwa katika orodha ya alama za kihistoria za taifa. Kuna watoto wanaobembea pale leo kwa sababu bibi zao walikataa kuondoka.

Basi niulize tena: mtoto wa Logan angecheza wapi, kama si pale?

Na wakati mwingine watu hujipatia mahali ambapo hakuna mpangaji miji angepafikiria. Narudi Boyle Heights. Kuna makaburi makubwa ya zamani yanayoitwa Evergreen, yamezungukwa na uzio, na njia ya miguu inayoyazunguka ina urefu wa kilomita 2.4 hivi. Kwa kuwa bustani zilikuwa chache na ndogo, wakaazi walianza kuzunguka makaburi. Alfajiri na jioni, akina mama kwa makundi, wazee, vijana wa timu za shule, walizunguka na kuzunguka, juu ya zege lililopasuliwa na mizizi. Wangapi walijikwaa hapo, Mungu ndiye ajuaye. Hawakuomba ukumbi wa mazoezi wenye vioo. Waliomba njia ile ile waliyokuwa wakiitumia itengenezwe. Mpangaji miji James Rojas, mzaliwa wa upande huo huo wa mji, aliyetumia miaka mingi kueleza jinsi Walatino wanavyotumia baraza, uzio na kona ya barabara kama sebule yao, alikuwa miongoni mwa walioshirikiana na wakaazi. Mwaka 2003 jiji liliweka njia ya mpira laini kuzunguka makaburi yote. Nawaambieni, hakuna kijitabu cha afya kingeweza kuwatoa nje watu wengi namna ile.

Hapa kwetu tunayo habari ya La Villita, au Little Village. Wengi wenu mnaijua kwa barabara yake ya 26, kwa mahindi ya kuchoma na nguo za harusi. Ni mtaa wa makumi ya maelfu ya watu, wengi wao Wameksiko, wenye watoto wengi na ardhi ya wazi haba sana. Upande mmoja kuna gereza la kaunti. Upande mwingine palikuwa na kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichofungwa mwaka 2012 baada ya wakaazi kupigana kwa miaka mingi. Aliyewaongoza, Kimberly Wasserman, aliingia katika mapambano hayo akiwa mama wa mtoto mchanga aliyebanwa na pumu, na mwaka 2013 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira. Lakini mimi nataka mwangalie kiwanja kingine. Palikuwa na kiwanda cha kutengeneza vifaa vya kuezekea kwa lami. Kiwanda kilipoondoka kiliacha udongo wenye sumu, na sumu hiyo ilikutwa hata katika viwanja vya nyumba za jirani. Wakaazi walidai pasafishwe, kisha wakadai pasijengwe kitu kingine isipokuwa bustani. Desemba 2014 bustani ya La Villita ilifunguliwa: viwanja vya mpira wa miguu vyenye nyasi bandia, mpira wa kikapu, sehemu ya watoto, ekari zaidi ya 20. Nendeni siku ya Jumamosi ya kiangazi mhesabu watu, halafu mniambie habari za utamaduni wa uvivu.

Kiwanda kile cha umeme nacho kilivunjwa. Bomba lake la moshi liliangushwa kwa baruti Aprili 2020, katikati ya janga la Korona, na vumbi likafunika mtaa. Mahali pake pakajengwa ghala kubwa la mizigo, na ghala huleta malori. Kwa hiyo msidhani vita hivi humalizika.

Nimesema juu ya zege na udongo. Sasa niseme juu ya hofu, kwa sababu bustani inaweza kuwepo na lango lake likawa wazi, na bado watu wasiende.

Kusini mwa Texas, kando ya mpaka, kuna makazi yanayoitwa colonias, zaidi ya 2,000, mengi yakiwa ya Wameksiko walionunua vipande vya ardhi visivyo na barabara za lami, mifereji wala taa. Uwanja upo, ardhi ni tambarare, watoto ni wengi. Lakini watafiti walipokaa na akina mama wa Bonde la Rio Grande na kuwauliza kinachowazuia watoto kucheza nje, waliambiwa habari za mbwa wasio na wenyewe. Mbwa! Wakaambiwa juu ya madereva waendao kasi kwenye barabara isiyo na njia ya miguu, juu ya giza, juu ya joto linalopita nyuzi 38. Mtu aliyekaa ofisini mwa jiji angeandika mpango wa elimu ya lishe. Mama alikuwa anahitaji mtu wa kukamata mbwa.

Iko hofu nyingine, ile ya kukamatwa na maofisa wa uhamiaji, na hiyo humu ndani inajulikana. Tarehe 7 Julai 2025, maofisa wa serikali ya shirikisho, baadhi yao juu ya farasi, wakifuatana na wanajeshi wa Walinzi wa Kitaifa, walipita katika MacArthur Park ya Los Angeles, bustani iliyo katikati ya mtaa wenye wahamiaji wengi wa Amerika ya Kati. Watoto wa kambi ya kiangazi waliokuwa wakicheza nje waliingizwa ndani. Fikirini juu ya mtoto huyo. Bustani ipo, nyasi zipo, mwalimu wa michezo yupo, na anaambiwa aingie ndani. Vuli ya mwaka huo huo mliona wenyewe jinsi barabara ya 26 ilivyopungua watu. Sitawaambia mpige kura namna gani. Nawaambia tu kwamba mzazi anayeogopa kutoka nje hahitaji kufundishwa faida za kutembea.

Je, tukipata bustani na tukapata usalama, yamekwisha? Hapana. Mwaka 2007 ulichapishwa utafiti wa bustani nane za Los Angeles, katika mitaa ambayo mingi yake ni ya Walatino na Weusi. Walioishi karibu walizitumia zaidi na walifanya mazoezi zaidi, kama mtakavyotarajia. Lakini karibu theluthi mbili ya watu walioonekana ndani ya bustani walikuwa wameketi, na wanaume walikuwa wengi kuliko wanawake. Mimi siwalaumu waliokaa. Bustani ya familia ya Kilatino siku ya Jumapili ni sherehe: jiko la mkaa limewashwa, kuna siku ya kuzaliwa, bibi yuko kwenye kiti cha kukunja, na binti mkubwa amebeba mtoto wa dada yake. Hivyo ndivyo tunavyokaa na sisi. Swali ni nani anayemshikia mtoto ili mama naye asogee.

San Diego walijaribu jibu moja ambalo nalipenda. Waliyaendea makanisa 16, wakawaandikisha wanawake wa Kilatino 436. Katika nusu ya makanisa, wanawake wa mtaa huo huo waliofunzwa kuwa wahudumu wa afya ya jamii, wale wanaoitwa promotoras, waliendesha madarasa ya kutembea na ya kucheza muziki bila malipo, mahali ambapo akina mama walikuwa tayari wamepazoea na waume zao hawakuwa na neno. Nusu nyingine walipewa mafunzo ya uchunguzi wa saratani. Baada ya mwaka, wale wa kwanza walikuwa wakisogea zaidi. Na madarasa hayakuwa mwisho wake: promotoras walitoka na wanawake kuzikagua njia za mtaa, wakaandika mabovu, wakayapeleka kwa wahusika. Misikiti na makanisa yetu yana kumbi zinazokaa tupu siku tano kwa wiki. Nasema tu.

Kabla sijafika mwisho, kuna mtego lazima niutaje. Juni 2015 lilifunguliwa hapa Chicago tuta la reli ya zamani lililogeuzwa njia ya kutembea na baiskeli, kilomita 4.3, linaloitwa The 606. Upande wake wa magharibi unapita Humboldt Park na Logan Square, mitaa ya Wapuertoriko na Wameksiko waliokaa hapo miongo mingi. Ni njia nzuri, nimeitembea. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha DePaul walikuta kwamba bei za nyumba karibu na nusu ile ya magharibi zilipanda kwa asilimia 48 kuanzia ujenzi ulipoanza mwaka 2013. Nyumba za familia mbili na tatu zikabomolewa, zikajengwa za familia moja yenye fedha. Mwaka 2021 jiji likaweka ada ya kubomoa na masharti ya kuzuia hilo, wakati wengi walishahama. Waliopigania mahali pa kutembea sasa wanatembea kwingine. Kwa hiyo tukidai njia, siku hiyo hiyo tudai na kodi ya nyumba ilindwe. Tusisubiri utepe ukatwe.

Mheshimiwa Mwenyekiti, najua muda umenipita. Nina ombi moja la kazi. Mwaka 2009 kata ya 49, pale Rogers Park ambako wengi wenu mnakaa, ilikuwa ya kwanza Marekani kuwaachia wakaazi waamue kwa kura matumizi ya fedha za ujenzi za diwani wao, zaidi ya dola milioni moja, na ukarabati wa njia za miguu ulikuwa miongoni mwa waliyoyachagua. Hawakuulizwa uraia. Aliyekaa katika kata na kutimiza umri wa miaka 16 aliruhusiwa kupiga kura. Nyinyi vijana wa nyuma mmeshatimiza.

Jumamosi ijayo asubuhi, wale wanaotaka, tutatembea pamoja na majirani zetu Walatino kutoka kituo cha treni hadi shuleni. Leteni vigari vya watoto, na mzee mwenye fimbo aje, kwa kuwa yeye ndiye kipimo. Tutaandika zege lilipoinuka, taa iliyozimika, kivuko kisichotosha mtu kuvuka, na kila kimoja tutakipiga picha na kukiripoti jijini kwa namba 311 siku hiyo hiyo, kisha tutapeleka orodha kwa diwani tukiwa na majina ya Kihispania na ya Kiswahili katika karatasi moja. Karatasi ya kujiandikisha iko mlangoni, na dada aliyeishika anazungumza Kihispania kuliko mimi.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nakaribisha maswali, nikianza na akina mama.